Harusi Iliyokosa Vigelegele

Pale Mahurunga kila mwenye shamba la mihogo alimchukia nguruwe pori, na kila aliyemchukia nguruwe pori alimheshimu mjomba wangu, kwa sababu alikuwa na gobore. Kusema kweli, nguruwe aliwaua kwa nadra. Mara nyingi aliwashtua tu, nao wakahamia kwa jirani. Lakini kwenye sherehe hakuwa na mpinzani. Watoto wakitoka jandoni, paa! Harusi, paa! Mgeni wa wilaya akishuka kwenye Landrova, paa! Na mgeni anarudi ndani ya Landrova.

Tulikuwa tukicheka sana. Kicheko kilikatika mwaka ambao mzee mwingine, naye alikuwa na gobore lake, alishindilia baruti kupita kiasi siku ya kutoka jandoni. Mtutu ukapasuka. Kipande cha chuma kikampiga jichoni kijana aliyekuwa akipiga ngoma, tuliyesoma naye darasa moja. Alipelekwa hospitali Mtwara juu ya lori la korosho, akarudi na jicho moja. Tulipokwenda kumpa pole alituambia, “Mimi nilikuwa nawatazama watoto. Bunduki hata sikuiona.”

Vijana wa kijiji tulikuwa na kikundi chetu. Kazi yetu ilikuwa kupalilia shamba la ujamaa na kuimba kila alipokuja kiongozi. Wiki ile tulikaa tukakubaliana kwamba bunduki zibaki kwa nguruwe, sherehe waachiwe watu. Katibu wetu, aliyewahi kwenda semina mjini akarudi na kalamu mbili mfukoni mwa shati, akasema wazee tumwachie yeye.

Tukamwachia. Alianza na ukoloni, akapita kwa mabepari, akavuka Ruvuma kuwasalimu wapigania uhuru, na alipofika kwenye magobore nusu ya wazee walikuwa wamelala. Mjomba hakulala. Alipiga makofi kuliko wote.

“Huyu kijana ana maneno mazito!” alisema. Kisha akanyanyua gobore akafyatua moja hewani, kumpongeza. Katibu tulimwokota chini, pamoja na kalamu zake.

Wazo lililotufaa lilitoka kisimani, kwa binti wa mjomba mwenyewe, aliyekuwa karibu kuolewa. Alikuwa akijitwika ndoo.

“Baba anapendea nini bunduki?” alituuliza sisi wasichana. “Akipiga tu, tunapiga vigelegele. Tusipopiga je?”

“Harusini kwako?” nikamuuliza. “Watu watasema una mkosi.”

“Waseme. Nitakuwa nimeshaolewa.”

Siku ikafika. Shehe alimaliza kufungisha ndoa, bwana harusi akaletwa mpaka mlangoni, na mjomba akatoka na kanzu yake nyeupe, koti juu, gobore begani. Akafyatua. Kuku wakatawanyika. Mbuzi mmoja akakata kamba. Kisha kimya.

Mjomba akatugeukia. “Vipi, hamkusikia?”

“Tumesikia, mjomba,” nikasema. Mimi nilisukumwa mbele kwa kuwa ni mpwa wake, asingenipiga mbele ya wakwe.

“Sasa mmekufa?”

“Tuko hai, mjomba. Tunataka tubaki hivyo hivyo.”

Mzee mmoja akakohoa ili asicheke. Mjomba akaanza kushindilia tena, nadhani aliona mlio wa kwanza haukutosha. Akafyatua. Mkewe, kwa mazoea tu, akafungua mdomo, na jirani yake akamziba kwa pembe ya kanga. Mama wa bwana harusi akaanza kuulizia kwa sauti ya chini kama bibi harusi ametoroka.

Hakuwa ametoroka. Sauti yake ilitoka chumbani. “Baba, yule mpiga ngoma tumemwalika. Hakuja. Anaogopa kwetu.”

Mjomba alisimama akiutazama mtutu kana kwamba mtu kamshikisha kitu cha watu. Uso wake ulikuwa umebadilika, nami nikaona aibu kwa ajili yake, maana nilimpenda. Akaingia ndani. Aliporudi mikono ilikuwa mitupu, na hakujua aiweke wapi. Akaishika nyuma, akaikunja kifuani, mwisho akapewa sinia la pilau alibebe.

Hapo tulipiga vigelegele mpaka makoo yakauma. Kijana akafuatwa kwao. Alikuja, akakaa pembeni karibu na njia, akala. Ngoma hakupiga, na hatukumlazimisha.

Baada ya hapo serikali ya kijiji ikaamua kwamba siku za sherehe magobore yote yafungiwe ofisini. Katibu aliandika taarifa kwenda wilayani akieleza jinsi hotuba yake ilivyowaamsha wananchi. Sisi wasichana tulisomewa tukaambiwa tupige makofi.

Mjomba alinuna mpaka mihogo mipya. Kisha vijana wa kijiji cha Kitaya wakatuita tukawaeleze tulivyofanya, na asubuhi ya safari tukamkuta amekaa mbele kwenye trekta la kijiji, na kanzu yake ileile.

“Shikamoo mjomba. Unakwenda wapi?”

“Marahaba. Nyinyi watoto, nani atawasikiliza?”

Kule Kitaya mjomba alizungumza peke yake. Aliwaeleza wazee wenzake habari za lile jicho mpaka wakainamisha vichwa. Akawaeleza jinsi yeye, mwenye gobore, alivyokaa akafikiri, akawaita wasichana wa kijiji na kuwaagiza wasipige vigelegele. Nilimtazama katibu, katibu akanitazama. Tukapiga makofi.