Mwanga Uliong'oa Elektroni pale Masuguru

Nakumbuka mchana ule darasa zima liliponicheka, mwanangu, nami nikatamani ardhi inifunike. Nilikuwa kidato cha sita hapa Korogwe, nikikaa Masuguru kwa shangazi yangu. Baba alikuwa kwetu Handeni, analima mahindi, na alikuwa ameshatuma neno: kuna watu wamekuja kuniposa, atakuja kunichukua, kwa kuwa haoni masomo yangu yatanifaa nini.

Mimi nilikuwa nimejiapiza kuonyesha jambo moja, kwamba mwanga unaweza kuzing'oa elektroni kutoka kwenye metali. Nilipasua betri kuukuu ya tochi, nikalinyoosha ganda lake la zinki, nikalisugua kwa msasa hadi likang'aa. Nikaliweka juu ya chupa. Ndani ya chupa, kwenye waya ulioshikana na zinki, nikaning'iniza vijikaratasi viwili vya kung'aa vya pakiti ya sigara. Ukisugua bomba la plastiki kwa sweta ya sufu, kisha ukaligusisha kwenye zinki, elektroni za ziada zinaingia na vijikaratasi vinasukumana, vinaachana. Elektroni zikitoka, vinalala tena.

Basi nikavifanya viachane, nikaimulika zinki kwa tochi. Havikutikisika. Nikaazima tochi za wenzangu, nikazifunga pamoja. Wapi! Nikamwomba dereva wa lori la shule awashe taa kubwa. Vikabaki vilevile, na darasa likaangua kicheko.

Mwalimu Mhina, mzee aliyekaribia kustaafu, hakucheka. Aliniita pembeni akanikaripia.

"Mbona unaongeza kitu kilekile? Nimewafundisha kwamba mwanga huja kwa punje ndogo ndogo, na elektroni moja hupigwa na punje moja. Punje za tochi ni dhaifu mno kwa zinki. Ukizimwaga nyingi, bado kila moja ni dhaifu. Tafuta urujuanimno, mwanga ule usioonekana kwa macho. Huo punje yake moja inaweza."

"Shule haina taa hiyo, mwalimu."

"Ndiyo maana nikasema utafute."

Niliumia, lakini sikulia. Nilirudi nyumbani nikiwaza, hadi nikamfikia Fundi Rajabu, aliyekuwa akichomelea mageti kando ya barabara. Shangazi alizoea kuwafukuza watoto pale, kwa sababu aliyeukodolea macho moto ule aliamka kama aliyetiwa mchanga machoni. Fundi mwenyewe ngozi ya shingo ilikuwa imeungua kama ya mtu aliyeshinda juani. Nikasimama palepale. Tochi haijawahi kumuunguza mtu ngozi! Huenda ule urujuanimno umo kwenye moto huu.

Nikamwomba fundi aimulike zinki yangu kwa moto wake, akanikatalia. "Binti, hapa si mahali pa mchezo." Nikarudi kesho yake, akanikatalia tena.

Kisha baba akafika.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Funga mizigo, basi la Handeni halitatusubiri."

"Baba, nisindikize mahali kwanza. Nikishindwa, nitapanda basi bila neno."

Nilipolisema hilo, nilijua hataisahau ahadi hiyo. Nikabeba chupa yangu, tukaenda. Fundi alipoona mtu mzima ameongozana na bintiye, akakubali. Nikaichaji zinki kwa bomba, vijikaratasi vikaachana, tukaupa moto mgongo, tukaitazama chupa tu. Akawasha. Vijikaratasi vikasogeleana, vikalala.

"Ni upepo," baba akasema.

Nikaichaji zinki upya, nikampa kipande cha kioo cha dirisha akishike kati ya moto na zinki. Fundi akawasha. Mwanga ulipita kwenye kioo waziwazi, lakini vijikaratasi havikusogea.

"Toa kioo, baba."

Alipokitoa tu, vikalala.

Baba akataka kurudia. Akarudia tena na tena, fundi akinung'unika kwamba tunammalizia vijiti vyake vya kuchomelea. Hatimaye baba akakitazama kile kioo mkononi.

"Kumbe kuna kitu kinapita hapa mimi sikioni, na kioo kinakizuia."

"Ndicho kinachong'oa elektroni, baba."

Basi la Handeni likaondoka bila sisi. Jioni baba akamwambia shangazi, "Mfungulie mizigo yake. Wale watu nitawajibu mimi." Asubuhi akaondoka peke yake. Mimi nikasoma, nikafundisha fizikia hadi nilipostaafu.

Sasa wewe mwanangu, uliyenijia leo kuomba ushauri, unaniambia somo limekushinda, umejaribu sana. Nakuamini. Lakini usiniambie umejaribu mara ngapi, niambie umebadilisha nini. Ukikwama, muulize anayejua, na akikukaripia, msikilize mpaka mwisho, maana huenda jibu limo humo humo. Ukikataliwa mlango, rudi kwa adabu ubishe hodi tena. Na anayekutilia shaka usigombane naye, mpe ajaribu kwa mkono wake.

Mungu akupe akili iliyotulia na moyo usiokata tamaa. Akulindie macho yako, na wazazi wako wayaone matunda yako wakiwa hai. Amina.