Manukato Niliyoyanunua Bila Kunusa

Nianze na yale ya chupa ya buluu, maana ndiyo yanayovaliwa na kila mwanaume kuanzia Bunju mpaka hapa Bagamoyo. Sina ugomvi nayo. Yananukia usafi, kama mtu aliyetoka kuoga sasa hivi kwa sabuni ya bei, basi. Wakikaa watatu kwenye bajaji moja huwezi kujua yanatoka kwa yupi. Vijana huyasifu kwamba hayana mtu asiyeyapenda. Kweli, na wali mweupe nao hauna mtu asiyeupenda, lakini sijamwona aliyefunga safari kwenda harusini kwa ajili ya wali mweupe.

Kuna mengine ambayo wauzaji wanaapa kwamba yanaanza na nanasi. Mama yangu alizaliwa Kiwangwa, na mimi nimekula nanasi kabla sijamaliza kuota meno. Nilipoyapulizia niliona moshi, nikaona ndimu, nikaona kiti cha gari jipya, nanasi sikuliona. Nilimnusisha binamu yangu anayelima huko huko Kiwangwa. Akavuta pumzi, akafikiri, akasema, "Kaka, hili nanasi lako limeungulia shambani." Bado ninayo chupa, imepungua kidogo tu.

Ya vanila na tumbaku sitayasemea sana. Kwa joto letu la Februari ni adhabu. Niliyavaa siku moja kwenda sokoni kutengeneza friji ya wauza samaki, maana kazi yangu ni ufundi friji, na mama mmoja anayekaanga pweza akaniuliza kama mfukoni nimebeba keki.

Yanayonikasirisha ni yale yanayoitwa ya udi. Yanakuja kwenye chupa nyeusi nzito, yameandikwa udi, na ndani yake kuna harufu ya plasta ya hospitali. Labda tatizo ni langu. Mtu aliyekulia mji mkongwe wa hapa Bagamoyo anaujua udi kutokana na kanzu yake ya Ijumaa, siyo kutokana na chupa. Kwetu mwanaume hajinunulii harufu. Alhamisi jioni au Ijumaa asubuhi mke anawasha mkaa kwenye chetezo, anatia udi, anafunika kwa tenga, kisha anaitandaza kanzu juu yake mpaka moshi uingie kwenye mishono. Kila nyumba ina mchanganyiko wake na hakuna mwanamke anayeutoa wote kwa jirani. Kwa hiyo ukisimama safuni msikitini, aliye kulia kwako na aliye kushoto wanajua bila kukuuliza kama nyumbani kwako kuna mtu. Anayenukia udi ana mtu. Anayenukia chupa kajipulizia mwenyewe mbele ya kioo.

Mimi nina miaka tisa ya kunukia chupa. Tuliachana kwa heshima, mke wangu akarudi kwao Pangani na chetezo chake, kwa kuwa alikuja nacho. Nilijaribu kujifukizia mwenyewe mara moja. Nilitoka kuitikia simu ya mteja, na niliporudi kanzu ilikuwa na tundu la kupitisha mkono. Sikujaribu tena.

Watu wenye akili hawanunui manukato bila kuyanusa. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na mimi nina mbuzi kumi na mmoja kwenye rafu ya chumbani. Muuzaji wangu yuko Kariakoo, sijawahi kumwona. Anatuma picha na maelezo marefu, mimi natuma pesa, yeye anakabidhi kifurushi kwa basi, nami nakwenda kukipokea stendi. Nimeshashauriwa niende mwenyewe dukani nikanuse. Ningeweza. Sababu ya kutokwenda naiona aibu kuiandika, ila ndiyo ya kweli: zile siku mbili kati ya kulipa na kupokea, kuna kitu kiko njiani kinakuja kwangu. Kondakta ananipigia simu, anataja jina langu, anauliza niko wapi. Mtu aliyezungukwa na watu nyumbani hawezi kuijua raha hiyo.

Sasa niseme kuhusu chupa ya kumi na mbili.

Yupo mwanamke mtaa wa pili anayeuza juisi ya ukwaju na barafu. Friji yake nimeitengeneza kwa miaka sita. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya mikoani, akirudi nyumbani Alhamisi akijaliwa. Nilikutana naye mara mbili tu, na mara zote mbili nilikuwa nimejikunja nyuma ya friji, pua imejaa gesi. Mwaka jana aliugua ghafla akafariki. Nilikwenda kuzika, nikatoa pole, kisha nikakaa mbali kama inavyotakiwa. Mwanamke alikaa eda yake, miezi minne na siku kumi, bila wanja, bila hina, bila tone la manukato mwilini wala moshi wa udi ndani ya nyumba.

Sitajifanya mtakatifu. Nilizihesabu zile siku. Sikumwambia mtu, wala sikupita mlangoni pake, ila nilizihesabu. Ni mwanamke anayecheka taratibu, anayekuletea maji kabla hujaomba, na mimi nilikuwa nimechoka kula wali wa jana nimesimama jikoni. Wiki tatu baada ya kutoka eda akanipigia: "Fundi, friji haigandishi." Nikamwambia nitafika Alhamisi alasiri. Niliamua kwamba siku hiyo nitamuuliza kama ananiruhusu kuleta watu, yaani wazee wangu waje kwa mama yake na posa. Sentensi yenyewe niliipanga, nikawa naisema peke yangu nikikaza skrubu.

Sikutaka kwenda na mbuzi wa zamani. Nikamwandikia muuzaji wangu kwamba nataka yanayofaa kwa jambo la heshima. Akajibu, "Chukua haya, braza. Ndiyo yanayotoka sana, wanaume wote wa mjini wanayo." Mtu makini angeshtuka hapo. Mimi nikaona ni dhamana.

Yalifika Alhamisi mchana. Yalikuwa mazuri, nasema bila kinyongo: iliki kidogo, ngozi, kitu cha baridi kama ndani ya mtungi. Nikajipulizia shingoni, kwenye vifundo vya mikono, na kwenye shati, mara nyingi kuliko inavyofaa. Nikabeba mfuko wa vyombo, nikaenda.

Mama yake alikuwa kibarazani anamenya vitunguu saumu. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akasema, "Pita, mwanangu, yuko uani huyo." Nikapita ukumbini. Upepo wa baharini ulikuwa nyuma yangu, unaingia mlango wa mbele na kutokea uani. Yeye alikuwa amenipa mgongo, anachuja ukwaju, na bomba lilikuwa wazi linamwaga maji kwenye ndoo, hakuisikia hodi yangu.

Akasema bila kugeuka, "Leo mapema. Maji yako bafuni tayari, kaoge kwanza upumzike."

Haikuwa sauti ninayoijua. Kwa miaka sita nimesikia "karibu fundi" na "ahsante fundi." Hii ilikuwa sauti ya ndani ya nyumba, isiyojisumbua kupendeza, ya mtu anayejua anayemsemesha atakwenda kuoga na atarudi kukaa karibu. Sijasemeshwa hivyo kwa miaka tisa. Na Mungu anisamehe, nilinyamaza ili lile neno likae kidogo zaidi.

Kisha akageuka. Uso ulikuwa bado na tabasamu la kumpokea mtu, na akaniona mimi. Chujio likamponyoka, ukwaju ukamwagika miguuni pake. Akakaa juu ya kinu kilichokuwa kimelala pale.

"Nilidhani," alisema, hakumaliza. Hakukuwa na haja ya kumaliza. Siku ya Alhamisi, alasiri, na harufu ya mumewe inaingia kwa mlango wa mbele, tena ikiwa harufu ya kwanza kuingia ndani ya nyumba ile tangu azikwe.

Nikaanza kuomba radhi, nikasema nitaondoka, nitarudi siku nyingine. Akainua mkono.

"Simama hapo hapo, fundi. Usiseme kitu."

Nikasimama. Akafumba macho. Machozi yalimtoka bila sauti, naye hakuyafuta. Mama yake aliuliza kutoka kibarazani ni kitu gani kimeanguka, akajibu, "Ni ukwaju tu, mama." Maji ya bomba yalijaza ndoo yakaanza kutembea sakafuni, na mimi nilikuwa nimebeba mfuko wa vyombo mkononi na ile sentensi yangu mdomoni.

Baadaye aliinuka, akafunga bomba, akauliza yale manukato nimeyapata wapi. Nikamwambia. Akasema, "Nilifikiri ni yake peke yake." Nilitaka kumwambia kwamba wanaume wote wa mjini wanayo, nikaumeza huo ukweli. Nikageukia friji. Ulikuwa waya umelegea nyuma ya kompresa, kazi ya dakika kumi, nikaifanya kwa saa nzima.

Wakati naondoka alinisindikiza mpaka mlangoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mama yake alikuwepo, kwa hiyo alisema polepole, kama anayeagiza kitu cha kawaida. "Ukipata nafasi pita tena Alhamisi, fundi. Na ujipake hayo hayo."

Nimekwenda Alhamisi nne tangu siku hiyo. Friji ni nzima na wote watatu tunajua. Ninawekewa kiti ukumbini, upande unakotokea upepo, mama yake anakaa nasi na vitunguu vyake, na yeye anafanya kazi zake uani akiwa amenipa mgongo. Wateja wakija anawahudumia, anarudi. Wakati mwingine anaimba kwa chinichini. Nikitaka kuleta watu itabidi niseme, na nikisema atageuka anitazame. Kwa hiyo sisemi. Chupa imebaki robo, na juzi nimeagiza nyingine kama hiyo.