Sufuria ya Meza ya Bwana

Nilirudi Kisangani juzi, na kitu cha kwanza alichonionyesha mtoto wa dada yangu kwenye simu ni filamu: mitume wameketi kwenye karamu ya mwisho, meno marefu kama ya mbwa, wanakunywa damu. "Tonton, ona, hii iko film ya nguvu!" Hasira ikanipanda mimi mjomba wake, naye maskini hakujua kwa nini. Wewe nitakueleza.

Nyanya yetu, tuliyemwita koko, ndiye aliyepika kinywaji cha Meza ya Bwana. Divai haikupatikana, kwa hiyo kanisa letu dogo karibu na maporomoko lilitumia maua mekundu ya ngaingai. Koko aliyachemsha uani kwa kuni, na tangawizi na sukari, akiimba. Majirani walikausha samaki, lakini harufu ya ile sufuria ilishinda moshi wao wote. "Mukono muchafu haigusi sufuria ya Mungu," alitukumbusha, nasi tulinawa haraka tukagombania kulamba mwiko.

Kisha jirani mwenye jenereta akafungua chumba cha video. Filamu zilikuwa za lugha ya kigeni, basi alisimama mbele akatufasiria, na asichokielewa alikibuni. Siku moja tuliona bwana wa karamu akiwapa wanafunzi wake kikombe, wakaota meno, wakawa wanyonya damu wasiokufa. "Bandugu, iko mu Biblia!" akapaza sauti. "Kunyweni, hii ni damu! Alors, munafikiri ba-vampire balitoka wapi?" Wengi wakacheka. Wengine hawakucheka.

Jumapili, kikombe kilipomfikia, mama mmoja akamvuta mwanawe, akamnyooshea koko kidole. "Mutoto yangu hatakunywa hii kitu. Ule mumama iko na macho mekundu."

Macho mekundu! Ni moshi, jamani, moshi wa kuni alizowapikia wao! Lakini unajua kwetu, jina la uchawi likimshika mjane halimwachii. Watoto wakaanza kuvuka barabara wakimwona. Wazee wa kanisa, waliokunywa kwa mkono wake miaka yote, badala ya kumtetea walikuja kuchukua sufuria, eti kwa ajili ya amani. Koko alisema tu, "Nilipika ngaingai. Haikukuwa damu." Tangu hapo kikombe kikajazwa soda nyekundu, na yeye akawa anakaa benchi la nyuma.

Filamu ya kutisha itishe, ndiyo kazi yake. Ila aliyeitengeneza, akakigeuza kikombe kitakatifu kuwa mchezo, alikula jasho lake huko aliko, na hakuna aliyemwita mchawi. Aliyeitwa ni koko. Siku tuliyomzika, kanisa lile lile lilituletea soda nyekundu. Sikuigusa.

Jana nilinunua maua ya ngaingai sokoni nikayachemsha mwenyewe. Yalitoka makali mno. Mtoto wa dada yangu alikunja uso, akaniuliza, "Tonton, koko alikuwa natia nini?"

Sijui. Walipokuja kuchukua sufuria, hakuna aliyemuuliza anapikaje.