Kitufe cha Kumruka Bibi

Yule binti mchoraji, aliyechora mchezo wa simu wa mwanangu, amekuja tena kunisumbua niandike. Nimemwambia shule niliiacha mapema, mkono wangu unajua sindano kuliko kalamu, na macho nayo yameshastaafu. Akasema, "Bibi, andika vile vile unavyoongea." Kuongea kwangu ndiko kulikotuletea balaa, na yeye anataka niongeze. Haya, naandika, kwa kuwa amemaliza chai yangu yote na bado hanyanyuki. Anasema ataiweka habari hii mtandaoni, pale wanapopita watu waliocheza ule mchezo. Asitokee mtu akanisahihisha.

Habari yenyewe ni ya mwanangu, kitinda mimba. Kaka zake walikuwa na midomo isiyopoa, yeye alikuwa mkimya. Alikaa chini ya meza yangu ya kushonea, anaokota vipande vya vitambaa, anasikiliza wakubwa. Halafu ghafla anatoa neno moja tu, na baba yake anacheka mpaka anashika ukuta.

Baba yake, marehemu mume wangu, alikuwa mchukuzi. Alihamisha vyombo vya watu, vitanda na makabati na majiko, kwa mkokoteni na kwa bega. Begani aliweka gunia lililokunjwa ili mbao zisimchune. Watu wengi wa mtaa ule walilala juu ya vitanda vilivyopita kwenye bega lile.

Sisi wenyewe tulihama kila mwenye nyumba alipotuchoka, na tulikuwa na kabati. Kabati lile halikuwahi kuingia mlango wowote kwa hiari yake. Baba watoto alilizunguka kama mtu anayetafuta pa kuanzia ugomvi. Nyumba moja alilikata miguu. Nyingine aling'oa fremu ya mlango na mwenye nyumba amesimama pale pale anahesabu misumari. Kuna nyumba lilibaki nje msimu mzima wa mvua, kuku wa jirani wakataga ndani yake, na jirani akadai kabati ni lake kwa kuwa mayai ni yake. Mtu aliyehamisha makabati ya mji mzima, la kwake likamtoa jasho. Tulicheka mpaka tukasahau kwamba tumefukuzwa.

Mwanangu alipokua akapata kazi kwenye ofisi inayotengeneza michezo ya simu, na akaandika mchezo wa kabati. Familia inahama, kabati halipiti, na wewe mchezaji ndiye unatafuta njia: uazime msumeno kwa mtu ambaye hamsalimiani, umdanganye mbwa, umleweshe maneno mwenye nyumba. Mchezo ulitoka kwa sehemu, leo hii, baadaye nyingine, na katika kila sehemu kabati limefungwa na hakuna anayejua kuna nini ndani. Sehemu ya mwisho ya msimu ndiyo ingelifungua.

Katika mchezo huo kulikuwa na Bibi, mwanamke asiyeshindwa kwa maneno. Ofisi ilileta watu wa sauti, na kila aliyekuja alidhani uzee ni kukohoa. Mwanangu akaja kwangu akasema huyo Bibi nikawe mimi. Nikamjibu kwamba hiyo kazi nimeianza siku nyingi. Tulirekodia chumbani kwangu. Alitundika mablanketi dirishani na mlangoni ili pikipiki zisisikike, nami nikakaa humo natoka jasho kama niko kwenye sufuria lenye kifuniko.

Na watu walipenda. Mke wake, mkwe wangu anayeuza kwenye duka la dawa, alinisomea kwenye simu yale waliyoandika wahakiki, wale wanaocheza kisha wanatoa nyota kama walimu. Walisema hawajacheka hivyo tangu wazaliwe. Walisema Bibi ana pilipili kinywani. Kinyozi wa mtaani alianza kunipigia saluti nikipita, na mimi nilitembea shingo juu, wala sioni haya kusema.

Kisha mkuu wa ofisi akamweka mwanangu chini. Sehemu ya mwisho ikipokewa vizuri, kutakuwa na msimu wa pili na yeye ndiye atakayeuongoza. Isipopokewa, mchezo unazikwa na kazi yake inazikwa nao. Aliniambia hayo akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili kama kinataka kuruka.

Ndani ya kabati aliweka gunia la baba yake. Akaniomba niseme ninavyolijua. Sikushika karatasi. Nilisema jinsi bega lake moja lilivyoteremka kuliko jingine, nikawa namshonea mashati yasiyolingana ili aonekane amenyooka. Nilisema jinsi alivyorudi jioni ile, akalikunja gunia mwenyewe, akalitia kabatini, akafunga, akasema kesho anapumzika. Kesho hakuiona. Mwanangu alikaa mbele yangu na kile kinasa sauti, hakunikata. Kwetu hakuna aliyewahi kumkata mama akiongea. Hata baba yao alisimama na kitanda cha watu begani mpaka nimalize.

Sasa, mchezo ulikuwa na kitufe. Ukichoka maneno unakibonyeza, maneno yanarukwa, unaendelea. Katika sehemu hii mwanangu alikiondoa. Mchoraji alimwambia watu watanuna, wamezoea kuruka. Akamjibu, "Hii hairukwi." Kwake ilikuwa adabu tu. Hakufikiria kwamba kuna watu wamelelewa vingine.

Wahakiki walimla mzima mzima. Mmoja alisema amefunga safari yote ile kwa kucheka, amefika mwisho ameketishwa matangani kwa watu asiowajua. Mwingine alisema fumbo la kabati lilikuwa ahadi, na ahadi imelipwa kwa gunia kuukuu. Kuna mwenye watazamaji wengi kuliko wote, yule alijirekodi akicheza. Wakati naeleza habari za mashati alikuwa anabonyezabonyeza kioo anatafuta njia ya kutokea, mwishowe akaiambia simu, "Bibi, nyamaza." Basi. Ikawa ndiyo salamu. Wakatengeneza stika, uso wangu wa kuchorwa na maneno hayo chini. Mteja mmoja wa kinyozi aliiweka iwe mlio wa simu yake, nami niko pale pale napita. Kinyozi aliangalia mkasi.

Mimi nimeambiwa ninyamaze na watu wakubwa kuliko hao, tena uso kwa uso, na bado mnasoma haya. Aliyeumia ni yeye. Mkwe alimwomba aache kusoma. Alijifungia bafuni na simu akaendelea, na kila aliyeandika vibaya alimsoma kana kwamba mwanangu mwenyewe ndiye aliyemkosea mtu huyo.

Mkuu wa ofisi akampa nafasi ya mwisho: arudishe kitufe, amfupishe Bibi, aweke kichekesho kabatini, labda wachezaji watarudi. Mwanangu hakuniambia. Niliyajua siku niliyomwomba anichezee mwisho wa mchezo, maana nilikuwa sijauona, nilikuwa nausikia tu ukitukanwa. Alikataa, akasema simu haina chaji. Mkwe akatoa yake.

Kabati likafunguka. Akatoka kuku. Bibi akasema, "Kumbe wewe!" Wale wa humo wakacheka, muziki ukapiga. Ile "kumbe wewe" ilikuwa yangu kweli, ameichomoa kwenye sehemu nyingine nilipokuwa nagombana na mbwa.

Nikasubiri. Hakukuwa na kingine.

"Umenikata," nikamwambia.

"Nimekukata, mama."

"Na gunia?"

"Nimelitoa."

"Haya. Na wamerudi, hao wacheshi wako?"

Akaweka simu ya mkewe mezani, kioo chini. "Hawakurudi. Wahakiki hawahukumu mara mbili. Waliosema gunia wamebaki na lao, na mchezo wameufunga Ijumaa iliyopita."

Mkwe alisimama akaanza kufuta meza iliyokuwa safi. Nikamuuliza mwanangu ile sauti yangu yote ya chumbani iko wapi. Akasema ameifuta, yote, kwenye mashine ya ofisini na ya nyumbani, siku ile ile aliyoikata. Alidhani ikibaki atajaribiwa kuirudisha, na kazi itamponyoka.

Sikumfokea. Kumfokea mtu kama yule ni sawa na kupiga nguo iliyolowa.

Siku hizi anapokea simu kwenye kampuni ya mafriji. Watu wanapiga friji zimewaharibikia, wana hasira, hawamwachi afike nusu ya sentensi. Anasema ni kazi nzuri, ina kiti. Mezani anakula, anashukuru, anainuka. Mkwe aliniambia juzi kwamba watoto wanamtega kwa vichekesho vyao vya shuleni, naye anatabasamu kwa mdomo peke yake. Mimi mwenyewe nilijaribu. Nilimkumbusha jirani wa mayai. Akasema, "Ndiyo mama, nakumbuka," kama mtu anayethibitisha namba ya friji. Nilichonacho ni mtoto mwenye afya njema aliyekwisha kwa ndani, na hakuna duka la dawa la kulipelekea hilo. Mkwe ndiye aliyesema hivyo, si mimi.

Mchoraji ananiambia kuna simu ambazo hazikuwahi kusasishwa. Mwenye simu hakubonyeza, au alichoka akausahau mchezo humo, na ndani yake mwisho wa kwanza ungali mzima, na gunia, na mimi. Hana uhakika ziko ngapi. Huenda hakuna hata moja. Mimi sitegemei, lakini nimeombwa niandike, basi na mimi naagiza.

Wewe uliyekuwa unaniambia ninyamaze, tafuta simu yako ya zamani, ile ya kioo kilichopasuka uliyoitupa kwenye droo. Ukiukuta mchezo, usisasishe chochote. Ulete kwangu, mchoraji atakuelekeza nyumba. Utakaa mbele ya mwanangu, utaucheza mpaka mwisho ukiwa umefunga mdomo wako, na hutainuka kabla sijamaliza kuongea.