Zamu ya Bwana Kimya

Mteja alikuwa kwenye kigoda, nusu ya kichwa imesukwa, nusu nyingine imesimama wima. Nyuma yake msusi, vidole vinakwenda mbio, mguu wa kulia unambembeleza kitindamimba mkekani, mdomo unamfokea binti mkubwa aliyekuwa akipanda juu ya meza. Ndivyo alivyofanya kazi mama yule: mikono kwa mteja, mguu kwa mtoto, mdomo kwa yeyote aliyebaki.

Mtoto wa kati alikaa chini ya meza. Alikuwa na miaka minne, na mtaa mzima ulimwita Bwana Kimya. Alichambua nywele za bandia na kumpa mama yake fungu moja moja, bila hata kuombwa. Kila aliyepita alimsifu: huyu mtoto hana shida kabisa. Na kwa kuwa hakuwa na shida, siku hiyo alikuwa anaondoka.

Mambo yalianzia kwenye simu. Mume alikuwa kazini mbali, mdogo anaharisha, mkubwa kamwaga mafuta ya wateja, na msusi wa watu akampigia dada yake akilia kwikwi. Dada mtu, ambaye watoto wake walishakua wakaondoka, akasema, “Nipe mmoja nikulelee, mdogo wangu. Nipe Kimya. Hana kelele huyo, hata pengo lake hutaliona.” Msusi akakubali. Na tusidanganyane, alipokata simu alijisikia mwepesi.

Sasa dada alishafika. Kibegi cha mtoto kilikuwa mapajani mwake, naye akamvuta mpwa wake amtengeneze kola.

“We, mdogo wangu, huyu umemwogesha kweli?”

“Asubuhi hii hii! Wote watatu.”

“Mbona ana uji uliokauka nyuma ya sikio?”

Mteja akacheka. Msusi hakucheka. Aliziachia nywele, akajaribu kukumbuka. Alikuwa amewapaka watoto sabuni mara tatu, hilo hakuwa na shaka nalo. Lakini simu ililia katikati, na mdogo akatambaa kurudi kwenye beseni kama kawaida yake. Lahaula! Alikuwa amemwogesha mtoto mmoja mara mbili.

“Baba, wewe ulikuwa wapi?”

“Mlangoni,” Kimya akajibu. “Nilivua nguo, nikangoja zamu yangu.”

“Sasa mbona hukusema?”

Mtoto akamtazama kana kwamba jibu lilikuwa wazi. “Ulikuwa umechoka. Nikavaa tena.”

Msusi alisikia aibu, ile aibu ya kweli inayochoma masikio. Alitafuta kichwani siku mtoto huyu alipomlilia mara ya mwisho, akaikosa. Miaka yote alidhani kazaliwa mpole. Kumbe mtoto alimwangalia mama yake, akaona mikono imejaa, akaamua kutoongeza chochote. Na lile neno la dada, kwamba pengo lake halitaonekana, likamrudia. Mtoto yupo hapa, na yeye hamuoni.

“Naomba unisubiri kidogo,” akamwambia mteja.

“Nikusubiri na kichwa hiki?”

“Jifunge kitambaa, mwenzangu.”

Akamnyanyua Kimya, akampeleka uani, akajaza beseni maji. Dada akawafuata na kibegi chake. “Fanya haraka basi, basi litatuacha.”

“Haendi, dada.”

“Haendi? Si wewe ulinililia mwenyewe?”

“Nililia. Na nitakulilia tena, usiponikataa. Njoo unisaidie hapa hapa, ukae utakavyo. Lakini huyu haendi.”

Dada akakikumbatia kibegi. “Nimeshamtandikia kitanda,” akasema polepole.

Msusi alijua kwamba hapo alikuwa amekosa. “Nisamehe, dada yangu,” akasema, kisha akapiga magoti kando ya beseni.

Alimsugua mtoto taratibu, nyuma ya masikio, shingoni, katikati ya vidole. Povu likamtiririkia Kimya machoni. Akafumba macho, akauma meno, akanyamaza.

“Inauma?”

Akatikisa kichwa kukubali.

“Basi sema, baba.”

“Inauma,” akanong'ona.

“Sijasikia.”

“Inauma, mama.”

“Nani anasema? Sijasikia bado!”

“Mamaaa! Inaumaaa!”

Kilio kilitoka kama kilikuwa kimefungiwa stoo. Alilia akirusha maji kwa miguu, akamkamata mama yake shingoni kwa mikono yenye povu, akamlowanisha mpaka kifuani. Msusi alimfuta macho huku machozi yake mwenyewe yakimwagika, akirudia, “Nimekusikia, mwanangu, nimekusikia.” Ndani, mdogo akaamka na kudakia.

Mteja akatoka mbio, kitambaa kimemlegea. “Jamani, kuna nini? Nani kafa?”

Dada alikuwa amekiweka kibegi chini. Akajifuta uso kwa upindo wa nguo yake.

“Hakuna aliyekufa,” akasema. “Mtoto anamwita mama yake tu.”