Moto wa Juni chini ya Misonobari ya Papa

Kiangazi kikianza mimi siwezi kutulia. Watu wengine wa Bukavu wanakifurahia: matope yanakauka, harusi zinapangwa, nguo ukizianika asubuhi unazianua kabla ya saa sita. Mimi nasimama kwenye baraza, natazama kusini, upande wa Nyangezi, na kila moshi ninaouona unanikatiza kazi. Ni shamba? Ni makaa? Ni kilima chetu? Mume wangu alishanizoea. Hata hageuzi kichwa.

"Ni matofali banachoma," anasema, na kuendelea na chai yake.

Labda ni matofali kweli. Lakini mimi nitampigia simu papa, yaani baba yangu, papa atasema kilima kipo, nami nitatulia hadi moshi mwingine.

Kilima chenyewe si kikubwa. Papa alikipanda misonobari akiwa kijana, wakati alipokuwa moniteri wa misitu, kazi ambayo upande mmoja ilikuwa kupanda miti na upande wa pili kuzuia watu kuchoma nyasi. Upande wa pili ndio uliomfanya ajulikane. Nikiwa mtoto, wenzangu shuleni walinitania kuwa mimi ni binti wa Zima-Moto, na nilipigana kwa ajili hiyo mara nyingi kuliko ninavyotaka wanafunzi wangu wajue. Misonobari ikakua, ikapata magamba mazito. Siku mama alipofariki tulimzika juu kule, chini ya miti, mahali alipochagua mwenyewe. Tangu hapo kila asubuhi papa anapanda na ufagio, anafagia kaburi, anashuka. Pensheni ni jina tu. Mtu akimwuliza amefanya nini maishani, anainua mkono na kuonyesha ile miti.

Basi hadi mwaka jana ilikuwa hivi: anafagia kaburi, lakini kilima hakifagiliki. Sindano za misonobari zimeanguka miaka yote hiyo bila moto kuzigusa. Ukipita unazama hadi kwenye vifundo vya miguu, na sehemu nyingine zaidi. Nyasi za zamani zimefunikwa zikaisha. Badala yake zimeota kamba za mwituni na vichaka vikavu vinavyopanda hadi kwenye matawi ya chini, mfano wa ngazi iliyoegemezwa ukutani ikimngoja mtu. Na mtu huyo atakuja. Atakuja Agosti, upepo ukiwa mkali, atakuwa anafukuza nyuki au anawasha tanuri la makaa, na moto utapanda ile ngazi hadi juu. Kilima cha jirani yetu wa mashariki kiliondoka hivyo. Nilikiona. Vigogo vyeusi tu, na watu wanavikata.

Mimi ninafundisha mimea chuoni, na kitu hiki ndicho nilichokisoma kwa miaka. Vilima vyetu vya nyasi vilikua pamoja na moto. Nyasi zake zina mizizi ya kwenda chini sana, kuna maua yanayolala ardhini kama vitunguu yakingoja pafunguke jua. Ukichoma mapema, Juni, nyasi zikiwa bado nusu kijani na umande haujakauka wote, moto unatambaa chini, unakula takataka, haufiki juu, na msonobari mzee wenye gamba nene haujali. Baada ya siku chache majani mapya yanatoka. Usipochoma, unaweka akiba ya moto mkubwa. Nilimwambia papa haya yote, kiangazi hata kiangazi.

Na ajabu ni kwamba hakubishana. Laiti angebisha, ningejua la kufanya.

"Uko na haki, maman," alisema. Papa huniita maman, yaani mama, tangu nikiwa mdogo. Halafu inatoka sababu. Goti linauma. Kuna matanga huko Walungu. Upepo si mzuri.

Nilimwonyesha video kwenye simu. Nilimchorea kilima kwenye mchanga kwa kijiti, moto ushuke hivi, sisi tusimame hivi. Mwaka jana nilimpeleka kando ya barabara, mahali ambapo mafundi wa lami walichoma ukingo kwa bahati mbaya. Palikuwa kijani kitupu, na katikati vimaua vyekundu visivyo na jani hata moja. Papa aliinama kwa shida, akachuma nyasi laini ndefu, akazinusa.

"Hii ndiyo mama yako alikuwa anatandikaka mu nyumba siku kuu," alisema.

Nikajua nimeshinda. Jumamosi iliyofuata nilitoka Bukavu alfajiri na wanafunzi wachache, reki na majembe. Tulisafisha kila shina, tukafyeka njia ya kuzuia moto kuzunguka kilima, tukatoa sindano zote karibu na kaburi. Papa akatokea mlangoni, akatazama mbingu kwa muda mrefu.

"Upepo," alisema.

Hapakuwa na upepo. Jani la mgomba lilikuwa limening'inia pale uani, halitikisiki. Nilipandwa na hasira hata nikamfokea baba yangu mzazi mbele ya watoto wa watu. Nilimwambia kwamba anaua kilima kwa mkono wake, kwamba mama atakufa mara ya pili, aungue pamoja na miti yake. Neno hilo la mwisho lilipotoka nilitamani kulirudisha. Wanafunzi wakawa wanatazama majembe yao. Nikawarudisha mjini na gari la mchana, mimi nikabaki.

Jioni ile papa aliketi kwenye kizingiti. Nilikuwa nazunguka uani, nahamisha ndoo kutoka hapa kwenda pale bila sababu.

"Ikaa," alisema. "Unanizungusha kichwa."

"Sasa niambie, papa. Juu ya nini hutaki?"

Akaonyesha kwa kidevu chini ya mteremko, kwenye shamba la maharagwe linalopakana na kilima chetu.

"Moto ya kilima mutu hawashe peke yake. Mwenye shamba ya chini lazima asimame mu mupaka na batu yake. Ni hivyo inafanyikaka tangu zamani. Na ule mutu wa chini, mimi ndiye nilimutia kasho."

Nilijua kwamba wazee hao wawili hawasalimiani. Kanisani mmoja hukaa upande wa kulia, mwingine wa kushoto, na watoto wao tulikua tukidhani ni habari ya mpaka, maana huku kwetu ugomvi wa wazee huwa ni mpaka. Kumbe, papa akanieleza, zamani za kazi yake jirani yule alikuwa na ng'ombe, akachoma nyasi za kilima chake mwezi wa Juni ili zichipue, kama baba yake alivyofanya. Papa akaja na polisi. Jirani akalala kasho, gereza lile dogo la pale kwa chifu, hadi maharagwe yake yakaozea shambani na ng'ombe wakatawanyika.

"Alikuwa amefanya nini kibaya?" niliuliza.

"Ile tu unaniomba nifanye," papa akasema.

Nilikuwa nimefikiria unyevu wa nyasi, mteremko, unene wa gamba, na wakati wote huo nilikuwa nampigia kelele mtu aliyekwisha kukubali zamani. Nilimwambia basi niende mimi, nimwombe kwa niaba yake. Akakataa. Si wewe uliyemfunga, alisema. Si wewe utakayeomba.

Nikarudi Bukavu. Wiki zikaenda na papa haendi. Nilisimamia mitihani nikiwa nimekabili dirisha. Kila siku nyasi zilikauka zaidi, na kila siku mwanya wetu ukapungua, kwa sababu ukingoja hadi katikati ya Julai ule moto mdogo hauwezekani tena. Unabaki kuomba Mungu tu. Nilikosa usingizi. Nilimjibu vibaya mkuu wa idara. Mume wangu akaanza kunywa chai yake ndani.

Halafu simu ya papa, Ijumaa moja, bila hata salamu: "Kuya kesho. Mapema."

Nilimkuta amevaa koti lake la misa. Hakupanda kilimani kufagia asubuhi ile. Tukashuka pamoja hadi kwa jirani, naye alikuwa uani anachambua maharagwe kwenye ungo, wajukuu na wakwe zake wakiwa kwenye kazi zao. Alituona tangu mbali. Hakuinuka, wala hakuagiza kiti. Kwetu sisi mgeni kuachwa amesimama ni maneno tosha, na papa aliyapokea.

"Moniteri," jirani akasema. Hilo tu.

"Muzee, nimekuya kukuomba usimame mu mupaka. Ninataka kuchoma kilima."

Jirani akaendelea kuchambua. Jiwe akalitupa huku, punje akairudisha huku.

"Kuchoma ni makosa," alisema. "Banafungaka batu."

Mkwe mmoja akaziba mdomo asicheke. Mimi damu ilinipanda masikioni. Nilitaka kusema kitu, chochote, papa akanishika kiwiko.

"Nilikufunga juu ya moto," papa alisema, na alisema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni. "Haukukosa. Mimi ndiye nilikosa. Na leo ninaomba ule moto kwako."

Yule mzee akaweka ungo chini. Akamtazama papa tangu kwenye kofia hadi kwenye viatu, kama mtu anayetafuta kasoro kwenye mbuzi wa mahari.

"Nitasimama na bana yangu," akasema mwishowe. "Lakini kiberiti, utawasha weye mwenyewe. Mimi sigusi. Kesho mutu asiseme ni mimi."

Tulingoja jua lipunguze umande. Watu wake wakajipanga kwenye mpaka na matawi mabichi mkononi, na ndoo. Mimi nilipanda na papa hadi juu kabisa, kwa sababu moto unaoanzia juu hushuka polepole, unarudi nyuma dhidi ya upepo, na unaweza kutembea nao. Papa hakuwahi kuwasha kilima maisha yake yote. Njiti ya kwanza ikavunjika. Ya pili ikazimwa na upepo, na safari hii upepo ulikuwepo, mwembamba. Nilinyoosha mkono wangu nimsaidie, akanitolea macho.

Nikasikia mtu anahema nyuma yetu. Jirani alikuwa amepanda mteremko mzima. Alivua kofia yake akaizungushia mikono ya papa, na njiti ikashika.

Sikumbuki kukaa saa zile. Nilikimbia juu na chini, nikichungulia kila shina, nikipiga kelele kwa watu waliojua la kufanya bila mimi. Moto ulishuka kama nilivyokuwa nikieleza darasani miaka yote, na bado sikuamini. Ulikula sindano, ukala zile kamba, ukalamba magamba kidogo, ukapita. Ulipofika kwenye duara tulilolisafisha kuzunguka kaburi la mama ukagawanyika, ukaenda huku na huku, ukaungana tena mbele. Kwenye mpaka wakaumaliza kwa matawi. Misonobari ikabaki imesimama, kijani juu, nyeusi miguuni.

Wale wazee wawili walikuwa wameketi karibu na kaburi, na masizi usoni. Mimi nilikuwa bado nataka kwenda kuangalia kisiki kimoja kinachofuka.

"Ikaa, maman," papa alisema, na jirani akasema vilevile. Nikakaa.

"Moniteri," jirani akaanza, "usifikiri nimesimama mu mupaka juu yako." Akaonyesha kaburi kwa kofia. "Ni juu yake. Mu kasho, bibi yako huyu ndiye alikuwa ananiletea chakula. Alikuwa anapitia nyuma, mu dirisha. Kila siku."

Papa hakugeuka.

"Kila siku?"

"Kila siku. Bugali, maharagi, chumvi ya kutosha."

Papa alijifuta uso kwa mkono wa koti la misa, masizi yakasambaa zaidi.

"Mimi ile siku zote alikuwa ananipa bila chumvi," alisema. "Nilifikiri anasahau."

"Hakusahau," jirani akasema.