Wastani Haubebi Mtoto

Niliondoka Bagara, hapo Babati, na hasira. Nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea ualimu, na wa kumwachia mwanangu Neema, mwenye miaka miwili, alikuwa mmoja tu: mama yangu kule Sigino. Huyo mama alinilea kwa fimbo. Watu wananiambia, "Siku hizi amepoa." Nani kampima?

Nyumba ya jirani alikuwa amepanga mtafiti mmoja. Zamani, nikiwa darasa la tano, alizunguka Sigino akiwauliza watu wazima kuhusu tabia zao. Sasa amerudi kuwauliza walewale maswali yaleyale, aone kama utu uzima unambadilisha mtu.

"Kwa wastani, Mama Neema, hawajabadilika."

"Wastani ndiye atakayembeba mwanangu?"

Akacheka, akaeleza. Waliopoa na waliozidi ukali ukiwajumlisha, wanafutana. Unadhani wote wako palepale, kumbe kila mmoja kahama. Tena miaka hii ya kukosa sukari na sabuni nani si mkali? Utajuaje kama ni umri au ni foleni za dukani? "Ukitaka kumjua mmoja, mfuate huyo mmoja. Mama yako sijamfikia mara ya pili."

"Basi namfikia mimi."

Asubuhi yake basi halikuwa na dizeli. Nikatembea, Neema mgongoni, akiwaamkia mbuzi wote wa njiani "shikamoo", mpaka ikawa kazi kukasirika sawasawa.

Sigino nilifika jua kali. Mama anapukuchua mahindi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekonda. Na huyu mbona hana viatu?"

"Viatu viko duka gani, mama?"

"Usinijibu hivyo!"

Nikaona hapa naondoka na mtoto wangu. Lakini kwanza nikauliza swali la mtafiti, neno kwa neno: "Je, wewe ni mwepesi wa kukasirika?"

Alipoulizwa mara ya kwanza nilikuwepo, mgongo bado unawaka. Alijibu, "Mimi? Hata kidogo." Wala hakudanganya, aliamini.

Sasa akaacha mahindi. "Sana. Mimi ni mkali sana. Nikiona inapanda, nakwenda kwa ng'ombe."

Yaani kwa hesabu ya mtafiti, mama amezidi ukali! Nikacheka mpaka Neema akacheka naye.

"Unacheka nini?"

"Nakucheka wewe."

Akakaza uso. Akainuka, akaenda zizini. Alikaa huko kitambo. Aliporudi akasema, "Mtoto anakunywa uji wa nini?"

Jioni nilirudi Babati mgongo mtupu, nalia kidogo, nacheka zaidi. Nikampitia mtafiti.

"Swali lako ni lilelile, lakini aliyelijibu zamani alikuwa hajioni. Leo anajiona. Ukisoma majibu tu, utaandika kaharibika."

"Sasa nifanyeje?"

"Waulize na waliochapwa."

Nilichojifunza ndicho hicho. Mwanangu nimemwachia mama anayesema ni mkali. Yule wa zamani, aliyesema si mkali, nisingemwachia hata kuku.